Mama wa Kivuko

Bonareri alimfahamu Chrispine makambini, ule mkutano wa Waadventista wa kila Agosti ambapo watu wa makanisa mengi hulala madarasani na kwenye mahema, wakaimba kutwa kucha. Mwaka huo makambi yalifanyika Rongo. Bonareri alitoka Migori. Wazazi wake ni Wakisii waliohamia huko kufanya biashara kabla yeye hajazaliwa. Walikuwa wakiuza ndizi kwa jumla sokoni, naye alikuwa na kibanda chake cha kushona sare za shule. Chrispine alitoka Homa Bay. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friza, zile kubwa ambazo wauza samaki huhifadhia mbuta na ngege, na kanisani kwao aliwaongoza Watafuta Njia, watoto wanaovaa skafu na kufundishwa gwaride, mafundo ya kamba na Biblia.

Waliwekwa kwaya moja. Yeye aliimba besi, Bonareri alto, na kwa vile mmoja hakujua Kikisii na mwingine hakujua Kijaluo, walizoeana kwa Kiswahili, kila mmoja akimcheka mwenzake kwa namna anavyokitamka. Chrispine alimwita nyar Kisii, binti wa Kisii, na jina hilo likabaki.

Mwaka uliofuata ilijulikana pande zote mbili kwamba wataoana. Wazee wa Chrispine walikuwa wamepangiwa kufika Migori kuposa mwezi wa Desemba. Bonareri alikuwa akienda Homa Bay Jumapili moja moja, akila chakula cha mchana na Chrispine na dada yake, Lynnet, kisha akarudi kabla giza halijaingia. Chrispine alikuwa kifungua mimba. Baba yao alikufa yeye akiwa darasa la sita, na tangu hapo ndiye aliyekuwa kama mzazi wa pili. Lynnet alikuwa chuo cha ualimu kwa jasho la kaka yake, na wadogo wao wawili walikuwa Magunga na mama yao, wakisubiri simu yake kila tatizo likizuka.

Starehe yake ilikuwa moja tu. Mteja mmoja aliyehamia Nairobi alikuwa amemwachia mashine ya gemu, na Jumapili mchana Chrispine aliiunganisha kwenye televisheni, akashika pedi, kile kidude cha vitufe, akacheza mpaka chai iive. Gemu aliyoipenda ilikuwa hadithi ya mwanajeshi aliyetoroka vitani akitafuta njia ya kurudi kwao. Kila alipofika alikuta mtu, na gemu ikasimama imsubiri mchezaji achague: amsaidie mtu huyo au amgeuke. Ukichagua wema hadithi inakwenda huku, ukichagua ubaya inakwenda kule.

Alimfundisha Bonareri kucheza. Bonareri hakuwa na kasi, lakini hakuna mtu aliyepita mbele ya mwanajeshi wake akaachwa. Aligawa mkate wake, aliwafungua wafungwa, alisimama kuzika maiti za watu asiowajua hata maadui wakamkaribia. Mwanajeshi wake alikonda, akaenda polepole, na Bonareri aliona fahari kumtazama alivyo. Chrispine alicheka.

"Wewe unacheza kama mtu anayetazamwa na mzee wa kanisa," alimwambia.

Naye Bonareri alicheka pia. Wakati huo Chrispine mwenyewe alikuwa akicheza vilevile, akiwaokoa watu, na Jumapili moja alimaliza gemu yote. Mwanajeshi alifika kwao, mama yake akatoka nje na kumkumbatia. Bonareri alikuwapo, na hata aliangusha chozi.

Siku ambayo mambo yaligeuka, Chrispine alikuwa ameanza gemu upya. Alisema anataka kuona ile njia nyingine, ile ambayo hakuichagua mara ya kwanza. Lynnet alikuwa uani akianua nguo. Bonareri alikuwa ameketi kando na kikombe cha chai. Kwenye skrini palikuwa na mama mmoja mwenye mtumbwi wa kuvusha watu mtoni. Mama huyo alikuwa amemficha mwanajeshi chini ya nyavu, akamwosha jeraha, akampa uji kwa mkono wake mwenyewe. Kisha askari wakaja na mbwa, wakauliza ni nani katika eneo lile anayewaficha watoro. Gemu ikasimama, ikasubiri.

Chrispine hakusita. Kidole gumba kilibonyeza, na mwanajeshi akanyoosha mkono kumwonyesha yule mama. Askari wakamvuta nje. Hakupiga kelele. Aligeuka tu mara moja akamtazama aliyemlisha. Wakachoma nyumba, wakachoma na mtumbwi, na kwa sababu mwanajeshi alikuwa amewasaidia, nahodha wao akamfungulia lango la kaskazini. Nyuma ya lango kulikuwa na mji mkubwa wenye taa, ambao Bonareri hakuwahi kuuona kwenye gemu ile.

Chrispine alicheka, kicheko kifupi, kama cha mtu aliyesikia kufuli iliyomsumbua ikifunguka. "Kumbe huku kuna mji mzima," alisema.

"Alikulisha," Bonareri alisema.

"Nani?"

"Huyo mama."

Chrispine alimtazama akaona hafanyi mzaha. Aliweka pedi chini. Alimweleza kwamba ni gemu, kwamba hakuna mama wala mtumbwi, kwamba akizima na kuwasha tena mama huyo ataamka salama kama kawaida. Bonareri alisema hayo anayajua. Kinachomsumbua ni kwamba hakusita. Mtu anaweza kulishwa kisha amgeuke aliyemlisha bila hata mkono kutetemeka, na mkono ule ni ule ule utakaomvalisha saa ya arusi, ile ambayo kanisani kwao huvaliwa badala ya pete.

Kisha Chrispine akasema jambo ambalo Bonareri hakulisikia vizuri siku ile, ingawa maneno yote aliyakumbuka baadaye.

"Mimi ni mtu mzuri tangu darasa la sita, Bonareri. Sijawahi kupewa nafasi ya kuwa mwingine. Lynnet ananitegemea, Mama ananitegemea, watoto wa kanisa wananiangalia vile ninavyotembea. Hapa ndani hakuna mtu wa kuumia. Nataka tu kuona milango ambayo sitaifungua huku nje."

Bonareri alimwuliza atajuaje, siku wakipata shida, ni mlango upi ataufungua. Chrispine alijibu kwamba ataona. Wakamaliza chai. Alimsindikiza hadi stendi, akamnunulia njugu za njiani, akasubiri gari liondoke ndipo akageuka.

Nyumbani Migori, Bonareri alimkuta mama yake, Mong'ina, jikoni akichambua saga, mboga chungu ya Kikisii. Mong'ina alikuwa shemasi kanisani na mwanamke wa macho makali. Aliona uso wa binti yake akauliza kuna nini. Bonareri alimweleza. Alieleza uji, nyavu, mbwa na moto, mpaka Mong'ina akaacha mboga akanawa mikono.

"Na alicheka kweli?" mama aliuliza.

"Alicheka."

"Huenda ni aibu. Wanaume wengine hucheka kwa aibu."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kusema mengine. Angeweza kusema kwamba aliwahi kumwona akimaliza gemu hiyo hiyo kwa wema. Angeweza kurudia yale maneno kuhusu milango. Lakini alikuwa amechoka na safari, alikuwa na uchungu, na alitaka mama awe upande wake.

"Hapana," alisema. "Alisema anapenda ubaya. Alisema hata hao watoto wa kanisa hawajui yeye ni nani."

Hayakuwa maneno ya Chrispine. Yalikuwa maneno yake yeye, aliyoyatengeneza njiani kutokana na maneno ya Chrispine, na alipoyasikia yakitoka mdomoni mwake yalionekana kama ukweli. Mong'ina alizirudia mboga zake. Kisha alisema wazee wa Homa Bay wasije Desemba. Onchiri, baba yake Bonareri, alipoambiwa jioni hiyo aliuliza tu kama kijana mwenyewe amesikilizwa. Hakuna aliyemjibu, naye si mtu wa kuuliza mara mbili.

Bonareri alimpigia Chrispine akamwambia moyo wake hautulii. Chrispine alimsihi waonane. Alikataa. Alidhani mambo yameishia hapo, wawili wameachana kama wengine wanavyoachana.

Lakini Mong'ina alikuwa na rafiki wa makambini, na rafiki huyo alikuwa na dada Homa Bay. Habari zilikwenda kwa njia ya maombi: tumwombee kijana fulani. Zilipofika kanisani kwa Chrispine zilikuwa zimekua. Ilisemwa kwamba ana mashine ya kishetani nyumbani, kwamba huketi mbele yake akiua wazee na kucheka, na kwamba anawapeleka Watafuta Njia kwake wakajifunze. Wazee wa kanisa walimwita.

Simu yake ilimkuta Bonareri kibandani akikata kitambaa. Sauti ya Chrispine ilikuwa ya chini.

"Sikuulizi ulisema nini au ulimwambia nani," alisema. "Naomba kitu kimoja. Mpigie mzee wa kanisa, umwambie ulichokiona kwa macho yako. Usinitetee. Mwambie tu ulichokiona."

"Nitampigia," Bonareri alisema.

Alikuwa na nia. Namba alitumiwa siku hiyo hiyo. Lakini ili aseme alichokiona ingebidi aseme pia ni nani aliyeongeza, na mama yake alikuwa shemasi. Mong'ina angeulizwa. Wanawake wangemtazama kwa namna nyingine akisimama kukusanya sadaka. Bonareri alijiambia atapiga Ijumaa. Ijumaa ikafika na Sabato ikaingia, akaona si vizuri kuanza mambo kama hayo siku takatifu. Wiki iliyofuata shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na wazazi walijaa kibandani wakitaka sare. Baada ya hapo aliogopa kupiga kwa sababu angeulizwa mbona amechelewa. Chrispine hakumpigia tena.

Yaliyofuata aliyajua kwa Lynnet. Lynnet alikuwa amemaliza chuo akapata kazi shule moja ya Awendo, mahali ambapo malori ya miwa hupita siku nzima, na siku moja alikuja Migori akaingia kibandani. Bonareri alimpa kiti. Lynnet hakukaa.

Alisimulia bila ukali. Wazee walimwuliza kaka yake kama anacheza gemu ya kuua, akasema anacheza. Walimwuliza kama alicheka yule mama akichukuliwa, akasema alicheka. Walimwuliza kama aliwahi kuwaonyesha watoto, akasema hapana, lakini walipomtaka ataje aliyeyasema hayo yote alikataa kutaja. Alisema kama kuna mtu aliyeona jambo, mtu huyo atakuja kusema mwenyewe. Basi wakasubiri, na mtu hakuja. Wakampa mwingine skafu na filimbi ya kuongoza Watafuta Njia. Jumapili moja watoto walikwenda hadi mlangoni kwake kumwuliza amekosa nini, naye akawaambia wamtii kiongozi mpya. Mashine aliitoa nyumbani. Kwaya aliacha. Siku za Sabato alikuwa akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza alikuwa ameshatoka.

"Sikuja kukulaumu," Lynnet alisema. "Nataka kujua tu. Ulimwona akiwafanyia wale watoto kitu kibaya?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Lynnet alitikisa kichwa taratibu. "Na hiyo ndiyo ilikushinda kusema," alisema. "Neno moja hivyo."

Alipoondoka, Bonareri alikaa na mkasi mkononi. Alijaribu kujiambia kwamba Chrispine ndiye aliyebonyeza kumgeuka yule mama wa kivuko, lakini haikusaidia. Mama yule hakuwa na nyumba ya kuungua. Chrispine alikuwa na benchi lake, na sauti yake, na watoto waliokuwa wakipiga saluti wakimwona njiani. Wakati wa kuchagua ulipofika kwake yeye, Bonareri hakuona kama ni wakati wa kuchagua. Hakuna kilichosimama kumsubiri. Palikuwa na mboga, na uchovu, na mama aliyeuliza swali, kisha palikuwa na simu, na wateja.

Hata hivyo ilimchukua muda mrefu mpaka aende Homa Bay. Alikwenda siku ya kazi, kanisa likiwa limefungwa, akamkuta mzee wa kanisa nyumbani kwake akimwagilia sukuma wiki bustanini. Mzee alimkaribisha vizuri. Bonareri alisema yote: aliyoyaona, aliyoyaongeza, na kwamba aliahidi kupiga simu asipige. Alitarajia mzee akasirike. Alikuwa amejiandaa kwa hilo.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwamba amekuja. "Lakini binti yangu," alisema, "jambo hilo lilipita zamani. Kiongozi wa watoto sasa ni mwingine kabisa, na wale watoto wenyewe wamekua. Ukilianzisha leo kanisani, wasiojua ndio watakaojua. Chrispine mwenyewe hajatudai neno lolote. Wacha tu."

Bonareri aliuliza kama angalau anaweza kuwaambia wazee wenzake. Mzee alisema atawaambia. Ilikuwa dhahiri kwamba atasahau, si kwa ubaya, ila kwa sababu kwake halikuwa na uzito tena.

Kutoka hapo aliteremka hadi karakana ya Chrispine, karibu na mahali wanapopokelea samaki. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya friza iliyofunguliwa. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipomwona alisimama, akajifuta mikono, akamsalimia kama mtu anayemsalimia mgeni wa heshima, akamtafutia ndoo akaigeuza akaifunika gazeti ili aketi.

"Nimetoka kwa mzee wa kanisa," Bonareri alisema. "Nimemwambia. Nilichelewa."

"Asante," Chrispine alisema.

"Nilisema uliyasema mambo ambayo hukuyasema."

"Najua. Nilipoyasikia nilijua si wewe wala si mimi. Yalikuwa katikati yetu." Aliitazama friza. "Sikukasirika juu ya hayo. Watu huongeza. Nilikasirika kwa simu. Nilikaa nikisubiri, kila Sabato nikiingia nilikuwa natazama kama mzee ataniita pembeni aniambie umepiga."

 Bonareri aliomba msamaha kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida. Chrispine alisema amemsamehe siku nyingi. Alisema hivyo kwa wepesi, naye Bonareri alielewa kwamba ni kweli, na kwamba hakukuwa na kitu kilichobaki cha kusamehe kwa sababu hakukuwa na kitu kilichobaki.

Wakati huo mwanamke kijana alifika na kikapu, akiwa amebeba mtoto mgongoni. Chrispine aliwajulisha. "Huyu ni Phelesia, mke wangu. Huyu ni Bonareri wa Migori. Tuliimba pamoja makambini." Phelesia alimshika Bonareri mkono kwa mikono miwili. Alisema hajawahi kumsikia mumewe akiimba, wala hakujua kama aliwahi kuwa kwenye kwaya, akamwuliza Bonareri kama alikuwa anaimba vizuri.

"Vizuri sana," Bonareri alisema. "Besi yake ilikuwa inatubeba sisi wote."

Phelesia alimgeukia mumewe kwa mshangao na furaha, akaanza kumdai aimbe siku moja. Chrispine alitabasamu akasema koo limeharibika kwa vumbi. Phelesia hakukubali mgeni aondoke bila kula, na kukataa kungekuwa utovu wa adabu, kwa hivyo Bonareri alikula. Ilikuwa ngege ya mchuzi na kuon ya moto, ugali mgumu wa kule kwao. Mtoto alimkazia macho kutoka mgongoni kwa mama yake muda wote. Walizungumza juu ya bei ya gesi ya friza na mvua iliyochelewa. Kisha mteja akaja, Chrispine akarudi magotini, na Bonareri akaaga.

Alifika Migori soko likifungwa. Mama yake alikuwa peke yake kwenye banda la ndizi, akizifunika kwa magunia. Bonareri alishika upande wa pili wa gunia, wakavuta pamoja. Mong'ina aliuliza ametoka wapi siku nzima.

"Homa Bay. Nilikwenda kusema ukweli juu ya Chrispine."

Mong'ina aliendelea kufunika. Alikwenda kwenye mkungu wa mbali, akaukagua kama umeiva, akarudi. Alipozungumza hakumtazama binti yake.

"Ile habari ya kuwapeleka watoto nyumbani kwake," alisema. "Wewe hukuniambia hiyo."

"Hapana, Mama. Sikukuambia."

"Niliisema mimi. Yule rafiki yangu hakuonekana kushtuka vya kutosha." Alikunja kamba ya gunia, akaikunjua tena. "Nilidhani namlinda mtoto wangu."

Bonareri alisimama pale. Kuna kitu alitaka kumwambia, cha hasira au cha huruma, hakujua ni kipi, na wakati akitafuta mama yake tayari alikuwa ameinama kufunga fundo la mwisho. Bonareri aliona vidole vya mama vinashindwa. Akapiga magoti kando yake, akaishika kamba, wakafunga pamoja.

Onchiri alikuwa akiwasubiri nyumbani. Waliondoka sokoni, Mong'ina akitangulia, Bonareri akimfuata nyuma na kikapu.